Usifungue Usichoweza Kufunga: Kufufua Gari Dogo la Zamani kwa Pesa ya Msimu

Ukitembea mitaa ya Mkomaindo hapa Masasi, ukapita Ndanda, ukapanda hadi Newala, hutakosa kuona gari dogo la zamani limekaa juu ya mawe uani kwa mtu. Mara nyingi ni Corolla au Datsun ya miaka ya 1970, pengine Volkswagen ya mgongo wa mviringo. Lilinunuliwa na mwalimu, mganga au mfanyabiashara enzi za shida ya fedha za kigeni, wakati spea zilikuwa adimu na barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika kila masika. Lilitembea kwa ufundi wa kuunga-unga hadi mwenyewe akachoka au akafariki. Sasa kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Kila msimu wa korosho anatokea mtu anayelitaka gari la namna hiyo. Pesa ya mnada imeingia, analipata kwa bei ya kutupa, anamwita fundi, na kabla ya wiki kwisha injini iko chini, milango imeng'olewa, viti viko barazani na nyaya zinaning'inia. Ikifika Februari pesa imekwisha. Fundi amepata kazi nyingine, boliti zimechanganyika ndoo moja, na gari lililokuwa bovu sasa ni mafungu ya vyuma.

Spea zinapatikana na mafundi wapo. Kinachoua kazi hii ni mpangilio. Kwa mtu mwenye mfuko mdogo kanuni ni moja, na ushauri wote unaofuata unatoka humo: usifungue kitu ambacho pesa ya kukifunga hunayo mkononi leo. Mwenye pesa nyingi anaweza kulibomoa gari lote akalijenga upya. Wewe utalitengeneza likiwa zima, sehemu moja baada ya nyingine, na kila sehemu utaifunga kabla ya kugusa inayofuata.

Panga kazi kwa msimu

Huku kwetu pesa haiji kila mwezi kwa wengi. Korosho huuzwa kwa minada kuanzia Oktoba, malipo yanapitia chama cha msingi, na baada ya hapo mtu anakaa miezi mingi akisubiri msimu mwingine. Hata mwenye mshahara mzunguko huo unamgusa, maana dukani kwake au kwa ndugu zake pesa inapanda na kushuka na korosho.

Kwa hiyo gawa kazi katika mafungu mawili. Msimu wa pesa ni wa kununua vitu vizito na kulipia kazi za mashine: vifaa vya breki, kukereza, kuchomelea, kurekebisha rejeta. Miezi mikavu ya pesa ni ya kazi za mikono ambazo gharama yake ni jasho na msasa tu: kusafisha, kukwangua kutu, kupaka grisi, kusafisha viungio vya nyaya, kuosha kabureta.

Usiianze kazi kwa kununua betri na matairi, ingawa ndivyo vinavyotamanisha kwa sababu vinalifanya gari lionekane liko karibu kuondoka. Betri ikikaa bila kuchajiwa inakufa, na tairi linazeeka hata likiwa limesimama. Azima betri ya kujaribia. Nunua ya kwako gari likishakuwa tayari kwenda barabarani. Siku ya kununua matairi, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni baada ya herufi DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2314 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama uso wake bado haujalika na muuzaji anaapa kuwa ni jipya.

Kuhusu mgawanyo wa pesa: jumla ya uwezo wako ikiwa mafungu matatu, gari lenyewe lisile zaidi ya fungu moja. Mawili ni ya matengenezo, na ndani ya hayo mawili ficha akiba ya kile ambacho hukukiona siku ya kununua. Hakuna gari la juu ya mawe lisilo na kitu kama hicho.

Chagua gari ambalo spea zake bado zinatengenezwa

Mapenzi yana nafasi yake, ila anza na swali la spea. Kwa mtu wa Masasi au Newala, magari matatu yanabebeka.

La kwanza ni Toyota Corolla za familia ya KE: KE20, KE30 na KE70. Zinatumia injini za K, yaani 3K ya sisi 1166 na 4K ya sisi 1290. Uzuri wake ni kwamba ukoo huo uliendelea miaka mingi. Ndugu yao 5K aliwekwa kwenye LiteAce na TownAce, magari yaliyoingia Tanzania kwa wingi. Injini ikikushinda kabisa, 5K iliyotumika inaweza kukaa mahali pa ile ya zamani kwa marekebisho madogo.

La pili ni Datsun 1200 na 120Y, zenye injini ya A12 ya sisi 1171. Pikapu ya ukoo huo iliendelea kutengenezwa Afrika Kusini hadi 2008, kwa jina la Nissan 1400, na ndiyo maana spea nyingi za injini na miguu bado zinapatikana kutoka huko.

La tatu ni Volkswagen ya mgongo wa mviringo, maarufu kama kobe. Lilitengenezwa hadi Julai 2003 huko Mexico, na zaidi ya milioni 21 zilitoka viwandani, kwa hiyo dunia bado inatengeneza spea zake mpya. Lilishinda Safari Rally mwaka 1962 kwenye barabara za vumbi na tope za Afrika Mashariki, na halina rejeta ya kuvuja. Tatizo lake kwetu ni kwamba spea huagizwa mbali na mafundi wanaolijua wamezeeka. Ukimpata mmoja, mheshimu, na kijana wako akae karibu naye.

Peugeot 404 ni gari zuri na lina sifa zake, lakini kwa mwenye mfuko mdogo nasema liache mpaka uwe umemaliza la kwanza.

Kagua bodi kwanza, injini baadaye

Wengi hufanya kinyume. Wanasikiliza injini, wanafurahi ikilia, hawatazami chini. Injini mbovu inaweza kubadilishwa kwa mchana mmoja. Sakafu iliyooza itakula pesa yako msimu baada ya msimu.

Hapa tuna bahati. Gari lililoishi Masasi au juu ya uwanda wa Makonde, mbali na bahari, huwa na bodi bora kuliko lililokaa Mtwara au Mikindani likipigwa na upepo wa chumvi. Ukiwa na chaguo kati ya mawili, chukua la bara hata kama rangi yake imefifia.

Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini, ipitishe chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu na pembe za chini za vioo. Isipong'ang'ania, pale kuna puti badala ya bati. Nyanyua mazulia. Kwa kobe, nyanyua kiti cha nyuma, maana betri iko chini yake na asidi imekuwa ikila sakafu kwa miongo. Bonyeza kwa bisibisi sehemu zinazoshikilia springi na miguu: kutu ya mlangoni ni aibu tu, ila kutu ya pale ni ajali.

Halafu injini. Chomoa plagi, tia oili kidogo kwenye kila tundu, iache siku kadhaa, kisha izungushe taratibu kwa spana kwenye boliti ya mbele ya krankshafti. Usikubali ushauri wa kulifunga gari kamba na kulivuta liwake: injini iliyokaa miaka ikilazimishwa namna hiyo huvunja ringi. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni uzee, lakini yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, na hapo bei ishuke au uondoke.

Makaratasi kabla ya pesa

Magari mengi ya aina hii ni ya marehemu. Anayekuuzia ni mtoto au mjomba, na nia yake inaweza kuwa njema kabisa, lakini gari la marehemu ni mali ya mirathi. Uliza nani aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Kama hakuna, familia iende kwanza Mahakama ya Mwanzo, na wewe subiri. Ukilipa kwa mtoto mmoja halafu wengine wanne wakajitokeza gari likishang'aa, utakuwa umewatengenezea wao.

Kadi ya gari ioanishwe na gari lenyewe: namba ya chasisi na namba ya injini, zisomwe kwa macho yako baada ya kusugua uchafu. Gari lenye namba za mfumo wa zamani, kabla ya hizi zinazoanzia T na tarakimu tatu, liulizie TRA kabla ya kulipa, ujue namba hiyo ina hali gani kwenye kumbukumbu zao na kama kuna deni. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, lakini usihesabu msamaha ambao hujauona kwa maandishi. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili. Na kama injini imewahi kubadilishwa, au utaibadilisha wewe, badiliko hilo lisajiliwe. Askari wa usalama barabarani akikuta namba ya injini haifanani na kadi, hatavutiwa na hadithi ya 5K.

Lihifadhi mahali sahihi

Kivuli cha mkorosho kinavutia, lakini si gereji. Mabibo yakidondoka, maji yake yenye asidi hula rangi na kuacha madoa yasiyotoka, na majani yaliyorundikana chini ya kioo cha mbele hushika unyevu, ndipo kutu inapoanzia. Kuna salfa pia. Kuanzia katikati ya mwaka mikorosho inapopuliziwa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, ile poda ya njano inaruka mbali. Ikitua juu ya bati tupu lenye umande au kwenye viungio vya shaba vya umeme, inaharibu kimyakimya. Wakati wa kupuliza, gari lililo kazini lifunikwe, kabureta na tundu la kuingizia mafuta vizibwe, na bati lililokwanguliwa lisilale bila praima hata usiku mmoja.

Banda la makuti au bati lenye pande wazi linatosha. Turubai la plastiki lililobana gari moja kwa moja halifai, kwa sababu linafungia jasho ndani. Inua gari juu ya stendi za chuma au magogo imara yaliyokatwa sawasawa, na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika ya kuokota spana.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha kwa simu kutoka pande tatu. Kila sehemu iwe na kopo lake lenye jina: boliti za feni kopo moja, za kabureta jingine. Nyaya zifungiwe vipande vya karatasi vyenye maelezo. Daftari moja liandike kila kilichofunguliwa, kilichonunuliwa na bei yake. Fundi anaweza kuhama, na kumbukumbu za gari zisihame naye.

Hatua ya kwanza: lisimame kabla ya kwenda

Fungu la kwanza la pesa ni la breki na usukani. Gari lililokaa miaka lina mipira ya breki iliyokauka, na mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu yakazalisha kutu ndani ya silinda. Fungua gurudumu moja kwa wakati mmoja, ili la upande wa pili libaki kama mfano wa kufungia. Badilisha mipira ya silinda zote, mabomba ya mpira yote, na mafuta yote. Ukitoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na master silinda, umalizie la karibu.

Zipo njia za mkato ambazo mafundi wa shida waliziishi zamani, na si za kurithi. Usitie oili ya injini wala dizeli kwenye mfumo wa breki: mipira yake huvimba kwa mafuta ya aina hiyo, breki zikashika zenyewe au zikafa mlimani. Tumia DOT 3 au DOT 4. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani lining nyingi za enzi hizo zina asbesto. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa, ukitupe.

Breki ni mahali ambapo kitu kilichotumika hakina nafasi. Kitasa cha mlango, kioo, taa, giaboksi, hata difu unaweza kuchukua za mtumba. Mipira ya breki, mabomba yake, lining, feni belti, gasketi na boli joint ziwe mpya. Andika orodha hiyo ukutani.

Hatua ya pili: mafuta na umeme

Tenki la petroli lishushwe. Petroli iliyokaa miaka imegeuka gundi, na chini kuna kutu. Tia kokoto ndogo au mnyororo na sabuni, litikise, lisuuze mpaka maji yatoke safi, kisha likauke juani kabisa. Lina tundu? Asilichomelee mtu. Tenki lililokaa tupu mwaka mzima bado lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Tafuta lingine, au mtu anayejua kuziba kwa risasi baada ya tenki kuoshwa na kujazwa maji. Kati ya tenki na kabureta weka filta ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani. Bei yake ni ndogo, na itakuambia kila wiki hali ya tenki lako.

Umeme wa magari haya ni mwepesi, ndiyo furaha yake. Anza na athi: waya wa hasi unaposhika bodi na injini, kwangua hadi chuma kiangaze, kaza, paka grisi. Nusu ya maradhi ya taa huishia hapo. Kisha pointi, kondensa, nyaya za plagi na plagi, vyote vya bei nafuu, vinunuliwe vipya kwa pamoja. Fyuzi iliyofungwa karatasi ya sigara au waya itolewe siku hiyohiyo, kwani ndiyo inayochoma magari. Kwa kobe, kumbuka kuwa yaliyotoka kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 mengi ni ya volti 6. Uliza kabla ya kununua balbu.

Hatua ya tatu: injini, kama ina haja

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwa sababu neno ovaholi ni tamu mdomoni mwa fundi na mwenye gari. Injini inayowaka, isiyotoa moshi wa bluu, yenye presha ya oili na isiyogonga, iache ilivyo. Badilisha oili, rekebisha valvu, osha kabureta, iendeshe.

Pima mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Namba zikikaribiana, injini imechakaa kwa usawa na bado inafaa. Moja ikiwa chini sana, tia kijiko cha oili kwenye tundu lake la plagi, pima tena. Ikipanda, tatizo ni ringi au silinda. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Kwa kipimo hicho utajua kama unafungua sehemu ya juu tu au injini nzima, na bei ya kufunga ni ipi.

Nafasi za valvu ziandike daftarini: A12 ni milimita 0.35 zote injini ikiwa moto. 3K na 4K zenye tapeti za kurekebisha ni 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa, zikiwa moto. Kobe ya 1300 na 1500 ni 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, ikimaanisha imelala usiku. Kobe hunywa oili lita mbili na nusu tu na haina filta ya karatasi, ina kichujio cha waya, kwa hiyo oili yake ibadilishwe mapema.

Jambo jingine la umri: Afrika kusini mwa Sahara iliacha petroli yenye risasi kufikia 2006, na baadhi ya injini za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda vikalio vya valvu. Ukiona nafasi ya valvu za kutoa inazidi kubana kila unapopima, vikalio vinaliwa. Siku utakayofungua silinda hedi kwa sababu nyingine, mkerezaji aweke vikalio vigumu.

Na kama lazima silinda zichongwe, nunua pistoni kwanza. Mtu anachonga bloku kwa milimita 0.50, halafu anazunguka miezi sita akitafuta pistoni za saizi hiyo. Pistoni ziwe mezani kwa mkerezaji, apime, achonge kuzifuata.

Thermostati isitolewe kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini isiyofikia joto lake inakula petroli na kuchakaa. Kama inachemsha, tatizo ni rejeta iliyoziba, feni au gasketi. Kwa kobe, mkanda uleule unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni ya kupoza injini. Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani, simama papo hapo, kwani huenda mkanda umekatika na injini haina upepo.

Fundi na spea

Mlipe fundi kwa hatua, si kwa siku. Andikianeni: breki nne zifungwe, zijaribiwe, malipo kadhaa. Afike nyumbani kwako badala ya gari kulala gereji miezi mingi, maana gari lisilotembea gereji huanza kukopesha spea kwa magari mengine. Spea nunua mwenyewe. Na fundi akikuambia kifungue kingine tukiwa hapa, mjibu kwa heshima kwamba kitasubiri fungu lake. Mshika mawili moja humponyoka.

Usidharau wataalamu wa jirani ambao si wa magari. Wanaohudumia mashine za kusaga wanajua kuchomelea na kuchonga bushi. Mafundi makochi watashona viti vyako kwa sehemu ndogo ya bei ya mjini. Chuo cha VETA na ofisi ya SIDO mkoani Mtwara ni mahali pa kuulizia mashine na vijana wenye mafunzo.

Spea za Dar es Salaam hufika kwa basi, lakini usiagize kwa jina tu. Safisha kile cha zamani, pima, piga picha ya namba iliyochongwa juu yake, na kama kinabebeka kitume kama sampuli. Kukosea saizi ya bushi kunakula nauli ya mzigo mara mbili na wiki mbili za msimu.

Bodi na rangi mwisho

Rangi ni ya mwisho kwa sababu kila kazi nyingine itaikwaruza, na kwa sababu gari linalotembea hata likiwa na mabaka litakupa moyo wa kuendelea. Kutu ikatwe hadi bati zima, kiraka kichomelewe, puti ije juu kusawazisha tu. Puti iliyozibia tundu itadondoka na mvua za pili. Kabla ya kuchomelea, betri itoke, mazulia yatoke, ndoo ya mchanga na maji ziwe karibu. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango viwe wazi.

Kwa hali yetu ya hewa, wakati mzuri wa kupiga rangi ni Mei. Masika yamekwisha, vumbi bado limelala, na upulizaji wa salfa haujashika kasi. Ukipiga katikati ya mvua, unyevu utaipausha rangi, na ukipiga Septemba utapata gari lenye chembe za udongo mwekundu. Rangi zinazochanganywa na hadna zina kemikali za isosianati zinazoharibu mapafu, na kitambaa usoni hakizizuii. Kama fundi hana barakoa ya kuvutia hewa safi, chagua rangi ya kawaida isiyo na hadna. Haitang'aa sana, lakini fundi atabaki na mapafu yake.

Likishatembea

Safari ya kwanza iwe ya mizunguko ya karibu, na spana mkononi. Kaza kila kitu upya baada ya kilomita chache. Ndipo ulijaribu kwenye mlima wa kupanda Newala, asubuhi, ukiwa na maji, feni belti ya akiba, pointi, kondensa na waya. Mlima ule utakuambia ukweli kuhusu rejeta, klachi na breki. Kwenye vumbi la uwanda, filta ya hewa isafishwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Ukaguzi wa polisi na bima viwe vimekamilika kabla ya safari hizi zote za barabarani.

Usitarajie faida. Kama unatafuta gari la kuzalisha, nunua bajaji. Na kama katikati ya kazi maisha yamebadilika, ada za shule zimekuja au msimu wa korosho umekwenda vibaya, liuze bila kuona haya. Ukiwa umefuata kanuni ya kufunga kila ulichofungua, siku hiyo utakuwa na gari zima lenye breki mpya, kadi safi na daftari la kila kilichofanyika, na mnunuzi atalipia kazi yako. Aliyelifungua lote atauza vyuma kwa kilo.